Mjadala wa Nzoia: Kemikali Zisizooza Zizuiwe Wapi?

Mwaka 2009 mwanakemia Mkenya Francis Orata, wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichoko Kakamega, alichapisha pamoja na wenzake vipimo vya maji ya Ghuba ya Winam na ya mito ya bonde la Ziwa Viktoria. Walikuwa wanatafuta kemikali mbili za florini, PFOA na PFOS, na walizipata. Katika maji ya mito PFOA ilifikia nanogramu 96.4 kwa lita, na ndani ya ghuba ikafikia 11.7. PFOS ilikuwa chini zaidi: 13.2 mitoni na 2.5 ghubani. Mwaka 2015 timu nyingine ambayo Orata alikuwamo ilichapisha vipimo vya maji na tope kutoka mitambo mitano ya kusafisha majitaka upande wa Kenya wa bonde hilo. Hakuna sampuli hata moja iliyotoka safi. Walikadiria kwamba mitambo hiyo kwa jumla humwaga takriban gramu moja ya kemikali za jamii hii kila siku, karibu theluthi mbili yake ikitoka Kisumu. Na majitaka ya majumbani yalibeba nyingi kuliko yale ya viwandani.

Hilo la mwisho ndilo la kushtua. Kenya haina kiwanda kinachotengeneza kemikali hizi, ambazo wataalamu huziita kwa jumla PFAS. Zinaingia nchini zikiwa ndani ya bidhaa: kikaangio kisichogandisha mayai, karatasi ya chipsi isiyopenya mafuta, koti lisiloloa, zulia lisiloshika madoa, povu la kuzimia moto wa petroli. Kinachozifanya zipendwe ndicho kinachozifanya ziwe balaa, yaani kifungo kati ya kaboni na florini, ambacho ni miongoni mwa vifungo imara kuliko vyote katika kemia ya kaboni. Jua halikivunji, bakteria hawakivunji, klorini haikivunji. Hoja yangu basi ni hii: kitu kisichooza hakiwezi kusafishwa kwa gharama tunayoiweza kikishaingia mtoni, kwa hiyo mahali pa kukizuia ni langoni, kabla ya kusambaa, na kizuiwe kwa kundi lake zima. Kungoja mpaka tuone wagonjwa Bungoma au Kitale ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote. Sauti zinazonipinga hapa chini si za watu mahususi. Ni hoja ambazo yeyote atakayelileta jambo hili hapa Kanduyi, kaunti ya Bungoma, atakutana nazo, na kila moja ina uzito wake.

Mhudumu wa zahanati: “Mwandishi, mimi hapa napokea watoto wanaoharisha, watu wa taifodi, watu wa malaria. Mvua ikianza tunaomba kipindupindu kisitufikie. Sasa unataka nimwambie mama anayechota maji kwenye chemchemi kwamba adui yake ni nanogramu, sehemu moja ya bilioni ya gramu? Hiyo ni hofu ya watu waliokwisha maliza shida nyingine zote.”

Daktari, mpangilio wako wa dharura ni sahihi na sikuombi uubadilishe. Vyombo vya klorini vilivyosimikwa kando ya chemchemi nyingi za Magharibi mwa Kenya ni kazi njema na viongezwe. Lakini tazama kwa nini vinafaa: kijidudu kikikutana na klorini kinakufa, na maji ya kesho yanaweza kutibiwa kesho. Kosa la leo katika vita dhidi ya kipindupindu linaweza kurekebishwa wiki ijayo kwa gharama ndogo. Kwa PFAS hakuna wiki ijayo. Mama akichemsha maji, mvuke unatoka na PFOA inabaki kwenye maji yaliyosalia. Chujio za kaboni na zile za utando zinaweza kuzipunguza, lakini lazima zibadilishwe mara kwa mara, na mabaki yake nayo yatafutiwe pa kutupwa. Kampuni ya maji ya Nzoia, iliyoundwa kuhudumia Bungoma, Webuye, Kimilili na Kitale, haiwezi kubeba gharama hiyo bila kuitupia kwenye bili ya kila mwezi ya mteja. Kanuni ya forodha, kwa upande mwingine, haichukui hata shilingi moja kutoka kwenye dawa za kuhara. Hizi ni kazi mbili zinazofanywa na watu tofauti, katika ofisi tofauti, na moja haingoji nyingine iishe.

Ama kuhusu udogo wa nanogramu, ushahidi mzito unatoka Parkersburg, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, ambako kiwanda cha DuPont kilianza mwaka 1951 kutumia PFOA katika kutengeneza Teflon. Kesi iliyoongozwa na wakili Rob Bilott ilizaa uchunguzi ambao watu wapatao 69,000 walitoa damu zao, na kufikia 2012 jopo la wanasayansi lilikuwa limehitimisha kwamba huenda kuna uhusiano kati ya PFOA na magonjwa sita: saratani ya figo, saratani ya korodani, vidonda vya utumbo mpana, magonjwa ya tezi ya shingo, lehemu nyingi kwenye damu, na shinikizo la damu wakati wa ujauzito. Kigezo cha kuingizwa kwenye kundi la walalamikaji kilikuwa kunywa kwa mwaka mmoja au zaidi maji yenye angalau nanogramu 50 kwa lita. Mwishoni mwa 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka PFOA katika daraja la visababishi vya saratani kwa binadamu, na mwaka 2024 Marekani ikaweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita ya maji ya kunywa. Sampuli moja ya mto yenye 96.4 haimaanishi kwamba kuna mtu wa Kenya aliyekunywa maji ya kiwango hicho mwaka mzima, na nisingependa mtu aisome hivyo. Inachoonyesha ni kwamba hatuzungumzii kiwango kilicho chini sana kuliko vile ambavyo wengine walivipeleka mahakamani. Isitoshe mwili wenyewe huziachilia kemikali hizi polepole: nusu ya PFOA iliyo kwenye damu huchukua miaka miwili hadi minne kutoka, ikiwa hakuna nyingine inayoingia.

Mkulima wa miwa, Bukembe: “Mwanangu, ziwa hilo liko mbali nasi. Sisi tunalima miwa, wenzetu wa Kitale wanalima mahindi. Huku kwetu hakuna hata bomba la majitaka, ni choo cha shimo. Na ziwa lenyewe ni bahari. Gramu moja kwa siku itamezwa na maji yale yote isionekane.”

Mzee, hoja hii ndiyo inayostahili kujibiwa kwa hesabu. Tuanze na Ghuba ya Winam. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 1,400. Ukichukua kina cha wastani cha mita saba, unapata karibu lita trilioni kumi. Ili kila lita kati ya hizo ibebe nanogramu moja tu, zinahitajika kilo kumi za kemikali. Mitambo mitano iliyopimwa inamwaga gramu 370 hivi kwa mwaka, kwa hiyo hata kama kila kitu kingeingia ghubani na kisitoke, ingechukua zaidi ya miaka 25 kufika hapo. Lakini vipimo vya 2009 vilikuta sampuli zenye nanogramu kadhaa za PFOA peke yake, ilhali gramu 370 ni jumla ya kemikali nyingi za kundi hili. Hesabu haifungi. Mitambo ya majitaka tunayoinyooshea kidole ni sehemu ndogo ya habari, na sehemu kubwa lazima inatoka kwingine: mitoni, kwenye majalala, kwenye mvua, na kwenye hivyo vyoo vya shimo na maji ya kufulia ambayo hakuna anayeyapima kwa sababu hayapiti kwenye bomba lolote.

Hapo ndipo Kanduyi inapoingia. Mto Nzoia unaanzia milima ya Cherangani na kupokea maji ya Elgon, unapitia Trans Nzoia, unafika Webuye, unashuka hadi Mumias na kuingia ziwani Budalangi. Sosiani unaopita katikati ya Eldoret huingia Kipkaren, na Kipkaren huingia Nzoia. Kuywa, jirani wa kiwanda cha sukari cha Nzoia, nao huishia humo humo. Wastani wa maji ya Nzoia unazidi mita za ujazo 100 kwa sekunde. Kwa mto wa ukubwa huo, kila nanogramu moja katika lita ni karibu gramu tisa kwa siku, mara tisa ya mitambo yote mitano ikijumlishwa. Nanogramu moja tu, yaani robo ya kikomo cha Marekani, kiwango ambacho mtu angekiita safi. Sidai kwamba Nzoia unabeba hata hiyo moja. Nadai kwamba mto unaoweza kuizidi mitambo yote hiyo bila mtu kushtuka hauwezi kuachwa bila kupimwa, hasa wakati Eldoret huko juu kuna bohari la mafuta, na malori ya mafuta yanapita Kanduyi kila siku kuelekea mpaka wa Malaba, na moto wa mafuta huzimwa kwa povu ambalo kwa miongo mingi lilitengenezwa kwa kemikali hizi hizi. Wakazi wa Webuye walijua kiwanda cha karatasi kilipokuwa kikifanya kazi, tangu miaka ya sabini hadi kilipofungwa 2009, kwa sababu hewa yenyewe iliwaambia. PFAS haina harufu wala rangi. Bila mashine ya maabara hakuna wa kukuambia.

Na ziwa halimezi. Zaidi ya robo tatu ya maji yanayoingia Ziwa Viktoria ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na kiasi kama hicho hutoka kwa kukauka juani. Mlango wake ni mmoja, Nile pale Jinja, na ukigawanya maji yote ya ziwa, kilomita za ujazo kama 2,760, kwa yale yanayotoka Jinja kwa mwaka, unapata karibu karne. Ni sufuria iliyoachwa motoni mchana kutwa huku ikijazwa maji na chumvi: mvuke unatoka, chumvi inabaki. PFOA na PFOS kwa sehemu kubwa hazipandi na mvuke. Zinabaki majini, zinashikamana na tope la chini, zinaingia kwa samaki. Ukubwa wa ziwa unachelewesha tatizo lisionekane, lakini utachelewesha pia kupona kwake, na ndiyo maana anayetoa hoja ya ukubwa anatoa, bila kukusudia, hoja ya kuharakisha zuio.

Hata shamba lako, Mzee, limo. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu mabwawa ya Nakivubo, Kampala, yanayopokea majitaka ya jiji kabla hayajafika ziwani, ulizitafuta kemikali hizi kwenye maji, kwenye udongo na kwenye mimea, na mimea iliyopimwa ilikuwa ni pamoja na mahindi na miwa. Zilionekana kote huko. Viwango havikuwa vya kutisha, lakini njia imeonekana. Mwaka 2022, ambapo bei ya mbolea iliwaumiza wakulima wa hapa, jimbo la Maine nchini Marekani lilipiga marufuku kumwaga tope la majitaka mashambani, kwa sababu wakulima waliokuwa wamelitumia kwa miaka mingi kama mbolea ya bei nafuu walikuta udongo na maziwa ya ng’ombe wao yamejaa PFAS. Bei ya mbolea ikipanda tena, kutakuwa na mtu mwenye lori atakayekuja Bukembe au Kitale na tope la bure. Liwe limepimwa kwanza.

Mwenye duka, Kanduyi: “Ndugu yangu, vikaangio hivi navichukua Nairobi na havijaandikwa popote habari ya florini. Ukivipiga marufuku vitapita Malaba usiku, mimi mwenye leseni nitapoteza na wa magendo atapata. Halafu waliotengeneza kemikali hizi wanajulikana, ni kampuni za Wamarekani. Wao ndio walipe.”

Walipe, naam, na wameanza kulipa, lakini kwao. Mwaka 2017 DuPont na Chemours walikubali kutoa dola milioni 671 kumaliza kesi za watu zaidi ya 3,500 wa eneo la Parkersburg, na 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa dola bilioni 10.3 au zaidi kwa kampuni za maji za Marekani. Fedha hizo zina anwani, nayo si Bungoma. Sheria yetu inajua kumtoza mchafuzi pale anapoonekana. Katika kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, mahakama ilitoa mwaka 2020 fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi waliodhuriwa na madini ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo mwishoni mwa 2024. Lakini kule kiwanda kilikuwa uani mwa watu, na damu ilipimwa. Utamshtaki nani pale ambapo mchafuzi ni vikaangio laki moja, mazulia na karatasi za chipsi? Kanuni ya kwamba mchafuzi alipe, ambayo naiunga mkono kwa moyo wote, inapoteza meno yake uchafu ukishagawanyika hivyo. Ndiyo sababu narudi langoni. Kwa kuwa hatuzitengenezi, karibu zote zinaingia kwa kontena, nyingi kupitia bandari ya Mombasa, mahali ambapo tayari kuna afisa wa forodha na afisa wa viwango. Nchi yenye kiwanda cha PFAS ina wafanyakazi wa kuwatetea. Sisi hatuna ajira ya kupoteza huko, na huo ni unafuu ambao Ulaya hawana.

Kuhusu magendo una haki, na nadhani hapa ndipo hoja yako ina nguvu kuliko zote. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilifaulu kwa sehemu kubwa, lakini mifuko iliendelea kupenya kutoka ng’ambo ya mpaka, na Kanduyi iko karibu na Malaba kuliko ilivyo karibu na Eldoret. Kwa hiyo zuio la Kenya peke yake litavuja. Linapaswa kuwa la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ina ushuru mmoja wa forodha na ina Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria yenye makao Kisumu, chombo kilichoundwa kwa ajili ya mambo ya aina hii hasa. Uganda inakunywa maji ya ziwa hilo hilo, na Tanzania pia. Na kuna haraka, kwa sababu Denmark ilikwisha piga marufuku PFAS kwenye karatasi za chakula tangu 2020, na nchi nyingine za Ulaya zinafuata. Mzigo usiotakiwa huko utatafuta soko lisilouliza maswali.

Zuio liwe la kundi zima, si la kemikali moja moja. Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm kuhusu kemikali zisizooza mwaka 2004. Mkataba huo uliiingiza PFOS 2009, PFOA 2019 na PFHxS 2022, yaani kemikali tatu kwa miaka kumi na tatu, katika kundi lenye maelfu. Kila moja ilipozuiwa, viwanda vilihamia kwa binamu yake. PFOA ilipoachwa ilikuja GenX, na kufikia 2017 GenX ilikuwa habari kubwa katika maji ya mto Cape Fear, North Carolina. Nchi tano za Ulaya, Ujerumani ikiwamo, zilipendekeza mwaka 2023 kuzuia kundi lote, na sioni kwa nini sisi tuanze na njia waliyokwisha kuona haiishi. Zipo bidhaa ambazo lazima ziachwe zipite, kama baadhi ya dawa za pumu na vifaa vya upasuaji. Karatasi ya chipsi haimo katika orodha hiyo, na kikaangio hakimo, kwa maana sufuria ya kawaida na kijiko cha mafuta vinafanya kazi ile ile.

Mama muuza samaki, Bungoma: “Mkishaandika haya, nani atanunua omena wangu? Mbuta je? Mtasema kemikali, watu watasikia sumu, nami nitarudi nyumbani na beseni limejaa.”

Mama, hofu yako ina historia. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Viktoria kutoka nchi zote tatu kwa sababu ya habari za wavuvi kutumia dawa za wadudu. Wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya minofu waliumia, na jambo lililorefusha adhabu ni kwamba hatukuwa na maabara na vipimo vya kuthibitisha kuwa samaki wengi walikuwa salama. Ukimya haukumlinda mtu. Safari hii kipimo kimeshawekwa: tangu Januari 2023 Ulaya ina vikomo vya kisheria vya PFAS kwenye samaki, na mnunuzi atapima hata sisi tusipopima. Mamlaka yao ya usalama wa chakula iliweka mwaka 2020 kiwango cha nanogramu 4.4 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki, maana yake mtu wa kilo 60 asizidishe nanogramu 264. Je, omena wa Kenya wako chini ya vikomo hivyo? Ikiwa wako chini, na inawezekana kabisa kwa kuwa utafiti wa Ziwa Tana, Ethiopia, uliochapishwa 2016 ulikuta viwango vidogo katika samaki, basi karatasi ya maabara itakuwa ngao yako sokoni. Ikiwa wako juu katika baadhi ya fuo, unastahili kujua ni fuo zipi, ili ununue kwingine. Atakayekuumiza ni uvumi, na uvumi hukua pale ambapo nambari hazipo.

Mhudumu wa zahanati: “Basi tuseme tumekubali. Nani apime, na aanzie wapi?”

Waanzie madarajani, Daktari: Sosiani chini ya Eldoret, Nzoia pale Webuye, Nzoia pale Mumias, na Rwambwa kabla mto haujaingia ziwani, mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika. Kuywa uongezwe ili Kanduyi ijue mchango wake yenyewe, na bomba la majitaka la hospitali moja ya rufaa, kwa sababu utafiti wa 2015 ulionyesha kwamba hospitali huchangia kwa kiasi kikubwa. Sampuli ni chupa chache, na Masinde Muliro ina watu waliokwisha kufanya kazi hii. Wanachokosa ni bajeti ya kudumu badala ya msaada wa mradi wa miaka miwili. Kaunti za Uasin Gishu, Trans Nzoia, Bungoma, Kakamega na Busia zinakunywa mto mmoja na zinaweza kuchangia mfuko mmoja. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iweke kikomo cha PFAS katika kanuni zake za maji, zilizotungwa 2006 kabla hata ya vipimo vya kwanza vya ghuba kuchapishwa. Na kaunti yenyewe inaweza kuanza bila kungoja Nairobi: itakaponunua tena povu la gari la zimamoto, zabuni iandike kwamba lisiwe na florini. Povu la namna hiyo linauzwa, na viwanja vya ndege vikubwa duniani vinalitumia.